Korona, misaada ya uchumi na kufunguliwa kwa nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Haya ni maswali ambayo bado yanarudi kwenye vikao vya chama, kwenye baraza la chifu na kwenye foleni za benki, ingawa barakoa zilivuliwa zamani. Mengine ni ya kutaka kujua tu yaliyopita. Mengine, hasa ya mikopo na CRB (mashirika yanayoweka rekodi za wakopaji), yanaweza kumgusa mtu hata leo. Maswali yana nambari ili pale jambo linapogusa swali lingine tukuelekeze huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Serikali ilitoa msaada gani hasa wakati wa korona?

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 25 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kifurushi cha kwanza, ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa nafuu ya kodi. Aliyelipwa mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi aliondolewa kodi ya mapato kabisa. Kiwango cha juu cha PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya kampuni vilevile. VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Shilingi bilioni 10 zaidi zilitengewa wazee, yatima na wengine wasiojiweza.

Tarehe 23 Mei 2020 kikaja kifurushi cha pili, cha shilingi bilioni 53.7, kilichogawanywa kwa sekta nane: barabara na madaraja, elimu, biashara ndogo, afya, kilimo, utalii, mazingira na viwanda. Tarehe 20 Oktoba 2021, kwenye sherehe za Mashujaa huko Kirinyaga, Rais alitangaza kifurushi cha tatu. Kazi Mtaani, ambayo watu wengi huikumbuka kuliko hayo yote, ina jibu lake katika swali la 8.

2. Kafyu na kufungwa kwa kaunti ni kitu kimoja?

Hapana. Kafyu ilikuwa ya nchi nzima na ilihusu saa: ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kufungwa kwa kaunti kulihusu mpaka: ndani ungeweza kutembea mchana, lakini huruhusiwi kutoka wala kuingia. Nairobi na viunga vyake ilifungwa hivyo tarehe 6 Aprili 2020, na Mombasa, Kilifi na Kwale siku mbili baadaye.

Watu wa Kisumu husema "tulipofungwa mwaka wa 2020" wakimaanisha kafyu na kufungwa kwa Nairobi. Mjini Kisumu kwenyewe hapakuwa na mpaka uliofungwa mwaka huo. Kilichouma ni kwamba mtoto aliyekuwa Nairobi hangeweza kuja nyumbani, na pesa aliyozoea kutuma ilikauka kwa sababu kazi yake huko ilisimama.

3. Kwa hiyo sisi wa magharibi tuliumia lini zaidi?

Kwa maagizo, ni Juni na Julai 2021. Swali la 19 linaeleza kwa kina. Hapa itoshe kusema kwamba misaada mingi ilikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe hizo zilipita kabla ya eneo la ziwa kubanwa. Kutuma M-Pesa bila ada kuliisha Desemba 2020. VAT ilirudi asilimia 16 Januari 2021. Mpango wa kupanga upya mikopo ya benki ulifungwa Machi 2021. Mwenye kibanda cha nguo kwenye soko la Kibuye, Kisumu, alipoambiwa afunge Juni 2021, karibu kila nafuu iliyotangazwa kwa jina lake ilikuwa imeshakwisha. Wanaouliza kwa nini watu wa huku hawaisifu misaada ile waanzie hapo.

## Mshahara, kodi na bei ya dukani

4. Nafuu ya mshahara wa chini ya 24,000 ilikuwa na thamani gani?

Tuchukue mlinzi wa usiku aliyelipwa 24,000 kamili. Kabla ya Aprili 2020, baada ya kutoa NSSF ya shilingi 200 na nafuu binafsi ya shilingi 1,408, alikuwa akikatwa kodi ya takriban shilingi 1,550 kwa mwezi. Baada ya sheria kubadilika alikatwa sifuri, kwa sababu nafuu binafsi ilipandishwa hadi 2,400 na daraja la kwanza la asilimia 10 likapanuliwa hadi 24,000. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, na nafuu inaifuta yote.

Si pesa ya kudharau. Ni unga na mafuta ya mwezi. Lakini lazima uwe na mwajiri anayekuandikia hati ya mshahara na kupeleka makato KRA. Mama mboga wa soko la Jubilee, fundi wa jua kali na mwendesha bodaboda hawakuwa wakikatwa PAYE, kwa hiyo hapakuwa na cha kuwaondolea.

5. Nafuu hiyo ilifutwa?

Hii ndiyo iliyobaki. Tarehe 1 Januari 2021 kodi ya kampuni na kiwango cha juu cha PAYE vilirudi asilimia 30, na VAT ikarudi 16, ila nafuu binafsi ya 2,400 iliachwa. Wanaolipwa mishahara mikubwa zaidi wameongezewa madaraja ya asilimia 32.5 na 35 tangu Julai 2023, lakini hilo ni la sheria ya fedha ya mwaka huo wala halihusiani na korona.

6. VAT ilishuka, mbona bei dukani hazikushuka?

Kuna sababu mbili, na ya kwanza husahauliwa. Vitu ambavyo mtu wa kipato cha chini hununua kila siku havikuwa na VAT tangu mwanzo: unga wa mahindi, mkate, mboga, maharagwe, samaki mbichi kutoka ziwani. Kupunguza kodi ambayo haipo hakumpunguzii mtu kitu.

Ya pili ni hesabu yenyewe. Bidhaa iliyouzwa 1,160 pamoja na VAT ilipaswa kushuka hadi 1,140. Kwa sabuni ya shilingi 58, tofauti ni shilingi moja. Mwenye duka la rejareja, ambaye stoki yake ilinunuliwa kwa bei ya zamani na usafiri wake ulikuwa umepanda, aliimeza shilingi hiyo bila mtu kugundua. Aliyenunua friji aliiona nafuu. Aliyenunua sukari robo hakuiona.

7. Nina biashara ndogo. Ile kodi ya mauzo ya asilimia 1 bado ipo?

Haipo tena kwa kiwango hicho. Mwaka wa 2020 kodi ya mauzo ilishushwa kutoka asilimia 3 hadi 1, na ikawekwa kwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 50 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 imerudi asilimia 3, kwa mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25. Kibanda kinachouza chini ya milioni moja kwa mwaka hakimo ndani ya kodi hii, jambo ambalo wauzaji wengi wa soko wangependa lisemwe kwa sauti zaidi.

## Pesa iliyofika mkononi

8. Kazi Mtaani ilikuwa nini, na walilipwa kiasi gani?

Ulikuwa mpango wa kitaifa wa usafi kwa vijana wa umri wa miaka 18 hadi 35 kwenye mitaa ya mapato ya chini: kuzibua mitaro, kufyeka, kuzoa taka, kupuliza dawa. Majaribio yalianza mwisho wa Aprili 2020 kwenye makazi ya kaunti chache, Nakuru na Kisumu zikiwemo. Awamu ya pili ilianza Julai 2020 ikilenga vijana zaidi ya 270,000 kote nchini kwa bajeti ya shilingi bilioni 10.

Hapo ndipo malalamiko yalipoanzia. Awamu ya kwanza ililipa takriban shilingi 650 kwa siku. Ya pili ikashuka hadi 455, na msimamizi 505. Tena walifanya kazi kwa zamu, kwa hiyo usizidishe 455 kwa siku thelathini. Pesa zililipwa kwa simu. Pamoja na kasoro zake, kwa maoni yetu huu ndio mpango uliofika mtaani kweli: pesa ya kijana wa Nyalenda au Rhonda ilitumika kwenye kibanda cha jirani siku hiyohiyo, na mitaro iliyokuwa imeziba kwa miaka ilizibuliwa.

9. Mbona wengine waliandikwa na wengine wakaachwa?

Uandikishaji ulipita kwa machifu, manaibu wao na kamati za mtaa, na ulidai kitambulisho na simu yenye laini ya jina lako. Kijana ambaye laini yake ilisajiliwa kwa jina la mama yake alikwama. Asiye na kitambulisho alikwama zaidi. Kulikuwa pia na upendeleo, na hakuna haja ya kuzungukazunguka: palipo na nafasi mia na vijana elfu, anayejulikana na mzee wa mtaa ana mwanzo mzuri.

10. Nilifanya kazi na sikulipwa zote. Naweza kudai leo?

Mpango wenyewe hauendelei, kwa hiyo hakuna tena dirisha la malipo la kila wiki mbili. Ukiwa bado na ushahidi wa kuhudhuria, andika barua kupitia kwa chifu na naibu kamishna wa kaunti ukieleza awamu, mtaa na siku ambazo hazikulipwa, uweke nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala isiyo na muhuri haitakusaidia baadaye. Usimlipe mtu yeyote anayekuambia ana "njia ya ndani" ya kufufua malipo hayo.

11. Bibi yangu alipata shilingi 8,000 mwaka wa 2020 kisha ikarudi 4,000. Alipunjwa?

Hakupunjwa. Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa kawaida ililipwa kila baada ya miezi miwili, yaani 4,000. Mwanzoni mwa korona serikali ililipa miezi minne kwa pamoja, Januari hadi Aprili 2020. Ilikuwa pesa ileile iliyolipwa kwa mkupuo, na ilifaa wakati huo kwa sababu iliwapunguzia wazee safari za benki.

Mzee aliyefikisha miaka 70 lakini hakuwa kwenye orodha hakupata kitu, korona au bila korona.

12. Na ile shilingi 1,000 ya kila wiki kwa familia maskini?

Ilikuwepo, ikatumwa kwa simu, lakini kwa kaya zilizochaguliwa tu, na haikudumu. Jirani zako wengi hawakuwahi kuiona. Wakati uleule pia kulikuwa na mashirika na miradi ya wafadhili iliyotuma pesa kwa familia, ndiyo maana watu wawili wa mtaa mmoja hukumbuka viwango tofauti na kila mmoja anasema kweli.

## M-Pesa, mikopo na CRB

13. Ni kweli kutuma pesa kulikuwa bure?

Ndiyo, kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, kuanzia katikati ya Machi 2020 hadi 31 Desemba 2020. Nia ya Benki Kuu ilikuwa kupunguza kushikana noti. Pamoja na hilo, kiwango cha juu cha muamala mmoja kilipandishwa kutoka 70,000 hadi 150,000, na hicho hakikurudi chini; tangu Agosti 2023 ni 250,000.

Ikiwa swali la 4 lilikuwa nafuu ya mwenye hati ya mshahara, hii ilikuwa nafuu ya soko. Muuza omena anayelipwa mia mbili hapa na mia tatu pale alianza kupokea malipo kwa simu bila mteja kulalamikia ada. Wengine waligawanya 3,000 mara tatu ili wasilipe. Kama utaratibu ule ungeendelea hadi Julai 2021, masoko ya huku yangeuhisi kuliko kifurushi chochote chenye jina kubwa.

14. Benki ilinipa likizo ya mkopo. Mbona deni lilikua?

Kwa sababu ilikuwa kuahirisha tu, deni halikusamehewa. Benki Kuu iliruhusu wakopaji ambao mikopo yao ilikuwa hai kufikia tarehe 2 Machi 2020 wakubaliane na benki zao kusogeza malipo kwa hadi mwaka mmoja, na benki zilitakiwa kubeba gharama za kubadilisha mkataba. Riba ya mkopo wenyewe iliendelea kuhesabiwa. Mwenye gari la abiria aliyesogeza miezi sita alikuta mkopo umerefuka na jumla imepanda. Wengi waliweka sahihi bila kuuliza jumla mpya ni kiasi gani.

15. Walisema CRB imesimamishwa. Mbona jina langu limo?

Usimamishaji wa kwanza ulihusu mikopo iliyoanza kuchelewa kuanzia 1 Aprili 2020, na ulidumu miezi sita, hadi 30 Septemba 2020. Deni lililokuwa limeharibika Februari 2020 halikukingwa. Lililoharibika Novemba 2020 halikukingwa pia.

Usimamishaji wa pili ulikuja na kifurushi cha Oktoba 2021: mikopo ya chini ya shilingi milioni 5 iliyoharibika kuanzia 1 Oktoba 2021 haikuorodheshwa kwa miezi kumi na miwili, hadi 30 Septemba 2022. Angalia pengo lililo katikati. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Septemba 2021 hapakuwa na kinga, na humo ndani ndimo mlimokuwa Juni na Julai 2021 za kanda ya ziwa. Mfanyabiashara wa Kakamega au Homa Bay aliyeshindwa kulipa kwa sababu soko lilifungwa aliangukia humo moja kwa moja.

16. Nifanye nini sasa kama nimeorodheshwa?

Anza kwa kuomba ripoti yako. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka kutoka kwa kila shirika la taarifa za mikopo, nayo ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Soma tarehe ambayo mkopo ulianza kuchelewa, kisha uilinganishe na tarehe za swali la 15. Ikiwa imo ndani ya kipindi cha kinga, andikia mkopeshaji na shirika hilo upinge taarifa hiyo. Mkopeshaji pia alipaswa kukujulisha siku 30 kabla ya kukuorodhesha.

Deni la chini ya shilingi 1,000 halipaswi kuwemo kabisa. Sheria hiyo ilikuja Aprili 2020 na haikuwa ya muda. Ukilipa deni, rekodi haifutiki kesho yake: hubaki kwa miaka mitano ikionyesha kuwa ulichelewa na kwamba umelipa. Anayekuuliza elfu mbili ili "asafishe jina" anakuibia.

17. Kulikuwa na punguzo la nusu kwa mikopo ya simu. Bado lipo?

Liliisha tarehe 31 Mei 2023. Ulikuwa mpango wa Benki Kuu uliotangazwa Novemba 2022 kwa mikopo ya simu ya muda usiozidi siku 30, ambapo mkopeshaji alishauriwa kupunguza angalau asilimia 50 ya deni lililoharibika na mkopaji kulipa lililobaki kwa makubaliano. Ulikuja kipindi cha Rais William Ruto, kwa hiyo kuuita msaada wa korona ni kuchanganya mambo, ingawa madeni mengi yaliyoguswa yalizaliwa wakati wa korona.

## Kufunguliwa kwa awamu

18. Nchi ilifunguliwa kwa mpangilio gani?

Kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Tarehe 6 Juni 2020 kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku. Tarehe 7 Julai mipaka ya Nairobi na Mombasa ilifunguliwa, na mabasi ya kuja magharibi yakajaa siku hiyohiyo. Ndege za ndani, ikiwemo njia ya Kisumu, zilirudi 15 Julai. Za kimataifa 1 Agosti. Mwisho wa Julai uuzaji wa pombe kwenye mikahawa ukapigwa marufuku, na baa zikabaki zimefungwa. Tarehe 28 Septemba kafyu ikawa saa tano usiku na baa zikafunguliwa. Tarehe 4 Novemba ikarudishwa saa nne.

Nakuru ina hadithi yake. Tarehe 26 Machi 2021 ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, kafyu ikawa saa mbili usiku ndani ya kaunti hizo, ibada zikasimamishwa. Mizigo ya chakula iliruhusiwa kupita, kwa hiyo viazi vya Molo viliendelea kufika Kisumu. Abiria ndiye aliyekwama. Zuio liliondolewa 1 Mei 2021.

Kafyu yenyewe ilifutwa 20 Oktoba 2021, na sharti la barakoa hadharani 11 Machi 2022. Faini ya kutovaa, kwa wanaouliza, ilikuwa hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita.

19. Nini hasa kilitokea Juni 2021 katika kanda ya ziwa?

Kirusi cha aina ya Delta kiligunduliwa Kisumu Mei 2021. Tarehe 1 Juni sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Kisumu, katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo. Hospitali zilijaa wiki zilizofuata, na tarehe 18 Juni Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kaunti kumi na tatu kuwa eneo hatari: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Busia, Bungoma, Kakamega, Vihiga, Trans Nzoia, Kericho na Bomet. Nakuru haikuwemo.

Kafyu katika kaunti hizo ikaanza saa moja usiku huku kwingine ikibaki saa nne. Ibada za ana kwa ana zilisimamishwa. Masoko yasiyo ya chakula yalifungwa kwa siku 30. Mazishi yalitakiwa kufanyika ndani ya saa 72, na waombolezaji wasizidi 50. Watu walisihiwa kwa maneno makali wasisafiri kuingia wala kutoka, lakini safari hazikupigwa marufuku, ndiyo maana matatu ziliendelea. Maagizo yaliisha 31 Julai 2021.

Hakukuja kifurushi cha fedha kwa ajili ya kaunti hizi. Kilichotangazwa Oktoba kilikuwa cha nchi nzima, na ndani yake sekta ya sukari ilitengewa shilingi bilioni 1.5, jambo lililowahusu wakulima wa miwa wa huku. Muuza mitumba wa Kibuye au wa Kakamega mjini aliyefunga kibanda mwezi mzima hakufidiwa.

20. Matanga yaliruhusiwa watu wangapi?

Inategemea mwezi. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa familia ya karibu tu, watu kumi na watano. Agosti 2020 ikawa 100, Septemba 200. Katika eneo la ziwa Juni 2021 ikawa 50, kama tulivyosema hapo juu.

Familia nyingi bado hujilaumu kwa kumzika mzee bila disko matanga, bila mkesha, wakati mwingine bila watoto wake wa Nairobi. Lilikuwa agizo, na maafisa wa afya na polisi walikuwa kaburini kulisimamia.

21. Makanisa na misikiti je?

Julai 2020 ibada zilirudi kwa watu 100 kwa muda usiozidi saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 na bila wazee wa zaidi ya miaka 58. Septemba ikawa theluthi moja ya jengo, Oktoba 2021 theluthi mbili, na Machi 2022 jengo zima.

22. Shule zilirudi lini, na kwa nini mtoto wangu alipoteza mwaka?

Zilifungwa katikati ya Machi 2020. Julai, Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo ungehesabiwa kuwa umepotea. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4. Wengine wote wakarudi 4 Januari 2021. KCPE na KCSE za 2020 zilifanywa Machi na Aprili 2021.

Kuna msaada mmoja hapa ambao hausemwi sana. Serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 kununua madawati ya shule za umma kutoka kwa mafundi wa mitaani badala ya kampuni kubwa. Fundi aliyepata kandarasi hiyo alilisha familia kwa miezi kadhaa, na dawati bado linakaliwa.

23. Matatu zilibeba watu wangapi, na nauli iliyopanda mbona haikushuka?

Ya viti 14 ilibeba abiria 8, na kubwa zilibeba asilimia 60. Nauli ilipanda ili kufidia viti vitupu. Ruhusa ya kujaza gari ilirudi Agosti 2021, lakini hakuna sheria iliyoweka nauli za matatu, na mafuta nayo yalikuwa yamepanda. Kondakta hakuwa na sababu ya kuishusha ile nauli.

## Visa vya pembeni

24. Kulikuwa na agizo la kusamehe kodi ya nyumba?

La kitaifa halikuwepo. Serikali iliwasihi wenye nyumba, na wapo waliosamehe mwezi mmoja au miwili kwa hiari. Aliyefungiwa mlango Manyatta au Kaptembwo hakuwa na amri ya korona ya kumwonyesha mwenye nyumba. Alikuwa na haki zilezile za siku zote, kwamba kumtoa kunahitaji notisi na njia ya kisheria.

25. Mitumba ilipigwa marufuku kweli?

Uingizaji ulipigwa marufuku, kuuza stoki iliyokuwepo hakukukatazwa. Marufuku ilidumu hadi Agosti 2020. Bei ya bale ilipanda sana, na waliokuwa na stoki walipata faida ambayo hawakuitarajia.

26. Mimi ni dereva wa lori wa Busia. Siku nilizokaa foleni zinalipwa na nani?

Mwaka wa 2020 madereva walitakiwa kuwa na cheti cha kupimwa ambacho kilidumu siku 14, na Uganda nayo ilipima upande wake. Foleni za Malaba na Busia zilinyooka kilomita nyingi, watu wakilala chini ya lori kwa siku kadhaa. Hapakuwa na mfuko wa serikali wa kulipia siku hizo. Kama una dai, ni kati yako na mwajiri: angalia mkataba wako unasema nini kuhusu posho ya safari na siku za kusubiri, kisha upeleke kwa afisa wa kazi wa kaunti. Madai ya mkataba wa kazi huisha nguvu baada ya miaka mitatu, kwa hiyo ya 2020 yamepitwa na wakati isipokuwa uliyafungua mapema.

27. Kile chombo cha kudhamini mikopo ya biashara ndogo kilifika huku?

Kilizinduliwa Desemba 2020 kwa mtaji wa shilingi bilioni 3 kupitia benki saba, nyingine zikiwa na matawi Kisumu na Nakuru. Serikali ilidhamini asilimia 25 ya mkopo usiozidi shilingi milioni 5. Soma asilimia hiyo tena: benki ilibaki na hatari ya robo tatu, kwa hiyo iliendelea kuuliza hesabu za biashara, leseni na dhamana nyingine. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mwenye vitabu vilivyopangwa alipita. Chama cha akina mama wasuka vikapu kilirudishwa mlangoni, na ukikuta afisa wa mikopo anayekuambia mlikosea fomu, mwombe akuandikie sababu kwenye karatasi ya benki.